Mitarakwa Isiyokua

Mti namba mia mbili kumi na saba ulikuwa na urefu wa sentimita ishirini na tisa. Nilipima mara mbili. Kisha nikaufuta utepe wangu kwa sweta, kana kwamba tope ndilo lililokula urefu, nikapima mara ya tatu. Ishirini na tisa.

Ulikuwa mtarakwa, na kwa mujibu wa daftari la mradi ulipandwa Aprili mwaka wa 2022. Sasa ilikuwa Mei ya 2025. Chuoni tulifundishwa kwamba mtarakwa wa miaka mitatu, kwenye udongo mzuri na mvua kama ya hapa Ainabkoi, unaweza kumfika mtu kifuani. Huu haukufika hata ukingo wa gambuti yangu.

"Unauliza huo mti jina?" Mama Waiyego aliniita kutoka shamba la pili. Alikuwa ameinama akipalilia viazi, na hakujisumbua kuinuka.

"Umekataa kukua, Mama."

"Hata wewe ulikataa kukua mpaka form three. Kogo wako alikuwa anasema utabaki kama stuli."

Nilicheka, lakini nilikuwa na wasiwasi. Kigingi chenye namba 217 kilikuwa ndani ya shamba la nyanya yangu, yule ninayemwita Kogo, na si huo mti tu uliokuwa mfupi. Nilikuwa nimepima miti yake sabini tangu asubuhi. Yote ilikuwa hai, ya kijani, imesimama wima kama watoto wa nasari kwenye gwaride. Hakuna hata mmoja uliozidi sentimita thelathini na tano.

Kilima chenye mashamba hayo kilikuwa msitu hadi nilipokuwa darasa la nne. Nakumbuka sauti ya misumeno ya injini, ilivyokuwa ikianza kabla hatujafika shuleni na kuendelea tukisoma hesabu. Mitarakwa na mipodo iliondoka kwa malori. Vilivyobaki vikachomwa makaa, na makaa nayo yakaenda Eldoret. Halafu nyasi zikaota, halafu mvua ikaanza kuteremsha udongo barabarani. Miaka mingi baadaye ndipo Mradi wa Kilima Kijani ulipokuja na mpango ambao kila mtu aliupenda. Familia arobaini na mbili zilipewa vipande vya ardhi juu ya kilima. Zingelima viazi, njegere na karoti katikati ya miche, na huku zikipalilia mimea yao zingekuwa zinaitunza miti pia. Baada ya miaka mitatu miti ingetoa kivuli, viazi vingekataa kuota, na familia zingeondoka na kuuacha msitu ukue wenyewe.

Kulikuwa na sharti moja. Familia ambayo robo ya miti yake imekufa ingenyang'anywa shamba.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilikuwa nimetafuta kazi mwaka mmoja na nusu tangu nihitimu, na huu ulikuwa mkataba wangu wa kwanza, wa miezi mitatu. Fomu za mradi zilikuwa na safu mbili tu: HAI na UMEKUFA. Niliona ni aibu kuutazama mti na kusema tu kwamba uko hai, kwa hiyo nilichora safu ya tatu kwa kalamu na rula, nikaandika juu yake: UREFU. Hakuna aliyenituma. Nilidhani nitasifiwa.

Ripoti ilitakiwa ofisini Eldoret Ijumaa. Ripoti hiyo ndiyo ingeamua familia zipi zibaki na zipi ziondoke, na moja ya familia hizo ilikuwa ya Kogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitano. Viazi vya shamba hilo ndivyo vilivyonimalizia chuo.

Jioni nilimpigia simu Kiprop, msimamizi wangu.

"Ziko hai?" aliuliza.

"Ziko hai. Asilimia tisini na sita."

"Wah! Chelimo, hiyo ni rekodi. Sasa mbona sauti yako ni ya matanga?"

"Hazikui, Kiprop. Hakuna mti hata mmoja umekua. Kilima kizima."

"Pengine ni udongo."

"Nimepima udongo. Uko sawa."

"Baridi, basi. Si unajua Ainabkoi? Hata binadamu hapo hukua polepole." Akacheka. "Leta hiyo asilimia, mengine tutaangalia baadaye."

Nililala nikiwa na orodha kichwani. Baridi ya alfajiri. Mbuzi. Wadudu wa mizizi. Mbegu mbaya. Kila nilichokifikiria kilikuwa na kasoro ileile: baridi na mbuzi huua miti mingine na kuiacha mingine. Haviwezi kuisimamisha miti elfu tatu kwenye urefu mmoja, kama watu wanaopiga foleni.

Lililonichanganya zaidi lilikuwa maji. Chini ya kilima kuna chemchemi yenye bomba la chuma. Nilipokuwa mdogo, mtungi ulijaa kabla mama wawili hawajamaliza salamu. Siku hizi Kogo huuacha mtungi chini ya bomba, akaenda kupalilia mistari miwili, akarudi na kuukuta umefika nusu. Mvua ikinyesha maji huja kwa fujo, ya rangi ya chai, kisha yanapungua tena. Kule Kapsoya, mtaa wa Eldoret ninakoishi na rafiki yangu Ashley nisipokuwa kwa Kogo, mfereji hutoka maji siku mbili kwa wiki. "Si nyinyi ndio mnapanda miti?" Ashley huniambia akiwa amebeba ndoo. "Ongezeni spidi, dada." Na mimi nilikuwa na karatasi inayosema miti iko, imepandwa, iko hai. Sasa maji yalikuwa yanangoja nini?

Jumatano mvua ilinyesha tangu saa kumi alfajiri. Nilipopanda kilimani niliukuta mti 217 umeinama, udongo wa upande mmoja umechukuliwa na maji. Nilipiga magoti ili niusimamishe. Ukatoka wote mkononi mwangu, bila kubishana, na mizizi yake ilikuwa bado imefungwa ndani ya mfuko.

Mfuko ulikuwa wa gunia, wa kahawia.

Nilikaa kwenye tope. Kitalu cha mradi kilikuwa kikiotesha miche kwenye mifuko ya plastiki nyeusi miaka yote. Mifuko ya gunia ililetwa mwaka huu, Aprili, pamoja na miche ya kuziba mapengo. Ninajua, kwa sababu niliibeba mwenyewe kutoka kwenye lori, na mgongo ukaniuma siku tatu. Mti uliopandwa mwaka wa 2022 ulikuwa umevaa mfuko wa mwezi uliopita.

Nikaung'oa wa 218. Haukuwa na mfuko, lakini udongo ulikuwa bado umeshikamana na mizizi kwa umbo la mfuko. Nikaung'oa wa 219. Vivyo hivyo. Nikaona haya kidogo, mimi mwenye shahada ya misitu, nikiwa nang'oa miti katika shamba la nyanya yangu.

"Sasa wewe ndiye unang'oa?" Mama Waiyego alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli. Yeye hutoka Yamumbi, karibu na Eldoret, kila alfajiri kuja kulima hapa, na mvua haijawahi kumzuia.

"Mama, huu mti ulipandwa lini?"

"Huu, ama ule wa kwanza?"

Alisema hivyo kwa wepisi kabisa, kama mtu anayeulizwa habari za kuku. Halafu akaona uso wangu, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haiya. Kogo wako hajakuambia."

"Kuniambia nini?"

Akatazama huku na huku. Kilima kilikuwa kitupu. Mvua ilikuwa imewafukuza wengine wote. Akanisogelea na kunifunika kwa mwavuli, nusu mimi, nusu yeye.

"Chelimo, wewe ni mtoto wetu, na umesoma. Sikiliza. Mti ikikufa, nafukuzwa. Mti ikikua, naondoka. Sasa niambie, mimi nifanye nini?"

Nikafuta tope kwenye kigingi cha 217.

"Si unaona? Inabaki moja tu. Mti iwe hai na iwe mdogo. Ikianza kupanda hivi," akaonyesha gotini, "tunaitoa, tunaweka ingine. Miche tunapewa bure kila mvua, ati ya kuziba mapengo. Kigingi inabaki na namba yake. Mtu wa kuhesabu akikuja, anahesabu, anafurahi, anaenda. Miaka yote wamekuwa wakifurahi. Ni wewe umekuja na hiyo tepu."

"Watu wote arobaini na wawili?"

"Sijui ya watu wote. Mimi najua yangu." Akatikisa mwavuli. "Unafikiri napenda? Mara ya kwanza nilisikia vibaya. Mara ya pili nilikuwa na haraka, viazi ilikuwa inangoja."

"Na ile mnayotoa mnapeleka wapi?"

"Mimi natupa kwa mtaro. Wengine wanawasha moto nayo. Muulize Kogo yake iko wapi. Huyo ana mambo yake."

Nilirudisha 217, 218 na 219 ardhini. Sijui kwa nini. Niliutoa wa kwanza mfukoni, nikaupanda inavyotakiwa, nikakandamiza udongo kwa kiatu, kisha nikateremka kilima nikiwa na hasira nisiyojua niielekeze wapi. Nilitaka kumkasirikia Kogo, nikakumbuka hosteli na ada. Nilitaka kuwakasirikia wale wa misumeno, lakini chakula chote cha utoto wangu kilipikwa kwa makaa ya kilima hichohicho. Nilitaka kuukasirikia mradi, na mimi ndiye mradi. Fulana yake ilikuwa mwilini mwangu.

Kogo alikuwa jikoni akisafisha sotet, kibuyu cha kugandishia maziwa ya mursik. Alikuwa amechoma kijiti na anakisugua ndani ya kibuyu ili majivu yashike. Zamani kijiti hicho alikivunja mwenyewe kilimani. Sasa hukinunua sokoni Eldoret, akifika nyumbani analalamika kwamba kimekaa sana.

"Chamgei, Kogo," nilimsalimia.

"Chamgei mising. Mbona umelowa hivyo? Kaa hapa kwa moto."

Sikukaa. "Kogo, ile miti ya kwanza iko wapi?"

Akaendelea kusugua. Alisugua muda mrefu kuliko kibuyu kilivyohitaji.

"Waiyego ana mdomo kama redio," alisema mwishowe.

"Si Mama Waiyego. Ni mimi nimeona mfuko."

"Ule wa gunia?" Akaguna. "Niliambia huyo kijana aliyenisaidia, toa mfuko kwanza. Hakutoa." Akaweka kibuyu chini, akajishika magoti, akasimama. "Kuja."

Tulipita nyuma ya zizi la ng'ombe, tukashuka hadi kwenye korongo ambako zamani palipita kijito. Sikuwa nimefika huko tangu niende chuo. Hapakuwa na sababu. Kogo alisukuma lango la mabati ambalo sikulijua.

Ndani kulikuwa na mitarakwa. Sikuweza kuihesabu. Ilikuwa imebanana bega kwa bega kutoka ukingo mmoja wa korongo hadi mwingine, mingine ikinifika kiunoni, mingine kifuani, na ile ya nyuma kabisa ilinipita kichwa. Harufu yake ilikuwa ile ya sanduku la nguo la Kogo, ile ya shule ya msingi kabla ya misumeno. Chini yake ardhi ilikuwa imefunikwa na majani makavu, na ingawa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, hakuna udongo uliokuwa umekwenda popote.

"Kila nikitoa moja nilibeba kwa shuka," Kogo alisema. "Usiku hapana, mchana. Watu wanafikiri ni lishe ya ng'ombe. Nilishindwa kutupa. Kitu inapumua, utatupaje?"

"Kogo." Nikashika tawi la mti uliokuwa karibu.

"Sasa wewe ndiye umesoma. Niambie. Mimi nimeiba miti ama nimeficha?"

"Sijui."

"Miaka nne ya chuo, na hujui?"

"Sijui, Kogo. Kweli sijui."

Nilijaribu kuwaza kama mtaalamu. Imebanana mno, katika miaka michache zaidi ya nusu itakufa kwa kugombea mwanga. Korongo si chanzo cha maji. Chemchemi inalishwa na kilima, na kilima kimebaki uchi. Miti ilikuwapo, ya kweli, yenye urefu wa kweli, lakini mahali ambapo haikuweza kufanya kazi yake. Na kule juu palikuwa na vigingi. Lakini huku nikiwaza hivyo bado nilikuwa nimelishika lile tawi, na sikutaka kuliachia.

Usiku nilimpigia Kiprop nikamweleza yote. Sikutaja majina. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Chelimo," alisema taratibu, "ukiandika hivyo, mradi unafungwa. Familia arobaini na mbili zinarudi nyumbani mikono mitupu. Unajua watakachofanya? Wataingia ule msitu mdogo uliobaki upande wa pili, wachome makaa. Hayo ndiyo mazingira unayotaka?"

"Na nikiandika hai?"

"Ziko hai. Hujasema uongo."

"Lakini mwaka ujao zitakuwa na sentimita thelathini. Na mwaka unaofuata."

"Mwaka ujao tutajua la kufanya." Akavuta pumzi. "Na mkataba wako unaisha mwezi huu. Nimekuombea nafasi ya kudumu. Sikutishi. Nakuambia tu ujue."

Ninaamini hakuwa ananitisha. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kila mtu niliyezungumza naye siku hiyo alikuwa na haki kidogo, na nilipozijumlisha hizo haki zote nilipata kilima kisicho na miti.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Kogo amevaa gambuti, ana jembe, na toroli iko mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Jana hukulala. Nilisikia kitanda ikilia usiku wote. Utaandika, si ndiyo?"

Nilitaka kumwambia bado naamua. "Nitaandika," nikasema, na niliposikia sauti yangu nikajua ni kweli. "Nitaandika pia kwamba sharti ndilo baya. Kwamba wapime urefu, na anayekuza miti apewe kipande kingine, asifukuzwe. Lakini sijui kama watasoma mpaka huko, Kogo. Wanaweza kusoma mstari wa kwanza tu na kukunyang'anya shamba."

"Basi mstari wa kwanza uwe mimi."

"Kogo!"

"Usianze na Waiyego. Usianze na watu wengine. Ukianza na wao, watasema Chelimo ameficha nyanya yake, na hakuna mtu atakuamini. Andika jina yangu, andika miti iko nyuma ya zizi. Halafu andika hayo maneno yako mengine." Akanipa koleo. "Sasa kuja unisaidie kuchimba. Mgongo yangu si ya serikali."

Tulichagua mti mmoja ukingoni mwa korongo. Tulichimba kwa duara pana, tukauinua na bonge lake la udongo, tukalifunga kwa gunia lililolowa na kuupakia kwenye toroli. Kuupandisha kilima kulitugharimu asubuhi nzima. Tulisimama mara saba, na kila tuliposimama Kogo aliushika mti shina, kama mtu anayemshika mgonjwa asianguke.

Mama Waiyego alituona kutoka mbali. "Mnarudisha maiti?" aliita.

"Ni wewe maiti," Kogo alimjibu. "Lete maji badala ya kelele."

Mama Waiyego akaja na mtungi wake, ule wa maji ya kunywa, akasimama kuutazama mti kwa muda. Uso wake ulibadilika.

"Hii ndiyo ile ya mwaka wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Imekuwa hivi?" Akaligusa tawi kwa ncha ya kidole. "Yangu nilitupa kwa mtaro," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kisha akamwaga maji yote shimoni.

Shimo la mti wa miaka mitatu si dogo. Ili kulichimba pale penye kigingi cha 217, Kogo ilimbidi ang'oe viazi mashina sita yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Aliyang'oa mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Vilivyokuwa chini yake vilikuwa vidogo kama gololi. Alivifuta udongo kimoja kimoja na kuvitia kwenye mfuko wa aproni.

Ule mche wa sentimita ishirini na tisa niliupanda hatua tatu mbele, mahali ambapo hapakuwa na kigingi.

Tulipomaliza kufukia shimo, nikatoa utepe. Kogo akashika upande wa chini, mimi wa juu. Mia moja arobaini na moja. Nikafungua fomu na kuandika: 217. HAI. UREFU: 141. Nikaitazama hiyo namba. Ndiyo namba ya kwanza ya kweli kwenye karatasi nzima, na pia ilikuwa namba ambayo hakuna mtu angeiamini. Sikuwa na hakika hata kama mti wenyewe ungekubali. Miti mikubwa ikihamishwa hukasirika, na wakati mwingine hukauka taratibu, kwa miezi, huku wewe bado unatumaini. Nikageuza karatasi, kwa sababu safu zilikuwa zimeisha, nikaanza kuandika nyuma yake. Mstari wa kwanza ulikuwa jina la nyanya yangu, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Umemaliza?" Kogo aliuliza.

"Ndiyo kwanza naanza."

"Basi anza polepole. Mimi naenda kuchemsha hizi." Akapiga mfuko wa aproni, viazi vikagongana ndani. "Waiyego, na wewe kuja. Ni kidogo, lakini kuja."

Wakateremka wakibishana kuhusu chumvi. Nilibaki peke yangu na mti mmoja mrefu katikati ya miti elfu tatu mifupi, nikiandika haraka kabla mvua haijaanza tena.